Kilo Hamsini na Mbili za Shangazi

Nilimwambia shangazi nitakaa wiki mbili. Nilikuwa natoka Geita na begi moja na jozi mbili za viatu, na nilivuka kuingia Mwanza kwa kivuko cha Kamanga nikiwa tayari nawaza nitaelekea wapi baada ya hapo. Musoma, labda. Nilikuwa nimesikia huko kuna mtu anaunda boti kwa chupa za plastiki, nikataka kuona zinaeleaje.

Binti wa shangazi, aliyekuwa akiishi naye Mabatini, alikuwa amehamishiwa kazi Dodoma. Figo za shangazi zilikuwa zimeacha kufanya kazi mwaka mmoja kabla, na mara tatu kwa wiki ilimpasa afike hospitali, akae kwenye kiti kando ya mashine, atulie saa nne nzima damu yake ikitolewa, ikisafishwa na kurudishwa. Alihitaji mtu wa kwenda naye. Ndugu walijadiliana kwa simu, wakatafuta katika ukoo mzima mtu ambaye hakuna kazi itakayomwulizia. Jina langu lilipita bila kupingwa.

"Shikamoo, shangazi," nilisema mlangoni.

"Marahaba. Shule uliiacha kidato cha pili. Pamba ukaiacha, dagaa ukawaacha, machimbo umeyaacha. Mimi utaniacha lini?"

"Baada ya wiki mbili."

"Afadhali unasema ukweli. Ingia. Vua viatu."

Alikuwa amefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, kwanza kwetu Muleba, kisha Mwanza, na kustaafu hakukumbadilisha. Hata kiberiti nyumbani kwake kilikuwa na mahali pake. Ukikiweka pengine, uliulizwa kwa sauti ileile ya kuuliza nani amepiga kelele darasani.

Siku ya kwanza hospitali nilisahau kabisa kwamba nimekuja kumsindikiza mgonjwa. Sikuwahi kuona chumba kama kile. Viti vilikuwa vimepangwa ukutani, kila kiti na mashine yake, na kwenye kila mashine kulikuwa na kitu kama chupa nyembamba ndefu, imejaa nyuzi nyeupe, ambamo damu ilipanda nyeusinyeusi na kutoka upande wa pili. Niliinama kuiangalia kwa karibu mpaka sista akaja kunisimamia kichwani.

"Wewe ni fundi?" aliuliza. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

"Hapana, sista. Nataka kujua tu. Hizo nyuzi zina matundu?"

"Zina matundu. Madogo, huwezi kuyaona. Uchafu unapita, maji ya ziada yanapita, damu inabaki. Sasa toka hapo, unamzuia mgonjwa asipate hewa."

"Mwache," shangazi alisema kutoka kitini. "Ameacha shule, ndiyo maana anauliza kila kitu. Wenzake waliuliza wakati wake."

Kiti cha jirani kilikuwa cha mzee mfugaji kutoka Usagara. Ndiye aliyekuwa redio ya chumba kile. Aliingia kila asubuhi kwa kupaza "Mwangaluka!", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kwa watu wote, wazima na wagonjwa, kisha akamgeukia shangazi na kumwita Nshomile, jina ambalo sisi Wahaya tunataniwa nalo nchi nzima kwa kupenda kuonyesha kwamba tumesoma. Shangazi alimjibu kwamba kusoma si ugonjwa, na kwamba kama yeye angesoma angejua maziwa nayo ni maji. Maana huo ndio ulikuwa udhaifu wa mzee. Wagonjwa wale hawakojoi, au wanakojoa kidogo sana, kwa hiyo chochote wanachokunywa kinakaa mwilini mpaka mashine ikitoe. Mzee alikuwa anapimwa, sista anashika kiuno.

"Baba! Umekuja na kilo nne za maziwa!"

"Tatu na nusu, sista. Nusu ni koti."

Kupimwa ndiko kulikoongoza kila kitu mle ndani. Mgonjwa alipanda mzani kabla ya mashine na baada ya mashine. Kila mmoja alikuwa na uzito wake aliopangiwa, uliokadiriwa kuwa ni mwili wake wenyewe bila maji ya ziada, wakiuita uzito mkavu. Wa shangazi ulikuwa kilo hamsini na mbili. Kila alipomaliza alirudi mzanini, mshale ukasimama palepale, naye akatangaza, "Hamsini na mbili," kama mtu anayesoma alama za mtihani mbele ya wazazi. Hakuwahi kukosa. Mzee alimpigia makofi kwa mkono mmoja usio na mirija.

Wiki mbili zikaisha. Musoma nikaiahirisha.

Nyumbani nilianza kuona mambo. Jikoni, ukutani juu ya meza, kulikuwa na karatasi ngumu ya manila, imeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zote zimesimama wima: masharti ya chakula. Nyama, punguza. Samaki, punguza. Mayai, punguza. Maharage, punguza. Chumvi, acha. Ndizi, chemsha mara mbili na kumwaga maji.

Alizifuata zile herufi kwa uaminifu wa kutisha. Ndizi alizikatakata vipande vidogo, akaziloweka, akazichemsha, akamwaga maji, akachemsha tena, akamwaga tena. Kwa Mhaya, kumwaga maji ya ndizi ni kama kumwaga mboga yenyewe, na kila mara alikunja uso na kuangalia pembeni wakati maji yakienda. Kilichobaki alikula na kabichi. Siku nyingine wali mweupe na kabichi. Siku nyingine uji. Alipakua kwenye kisahani cha chai, si sahani ya chakula, na hata hicho hakikuisha.

"Shangazi, umeshiba?"

"Nimekula kwa mujibu wa masharti."

Mimi nilikula kwa mujibu pamoja naye, kisha nikatoka kimyakimya kwenda kununua chipsi mayai kwa jirani.

Ilikuwa mwezi wa pili au wa tatu wa kukaa kwangu, daktari alipopita na majibu ya damu ya kila mgonjwa. Alikuwa kijana mtaratibu, akavuta kigoda akaketi mbele ya shangazi. Nikajua, kwa kuwa nimekaa na watu wa kila aina, kwamba daktari akitafuta pa kukaa basi ana jambo.

"Mwalimu," alisema, "kuna protini moja kwenye damu inaitwa albumini. Yako inashuka. Majibu matatu mfululizo, inashuka. Halafu kuna kipimo kingine kinaonyesha mwili wako kama unapigana na kitu ndani, muda wote, polepole. Una homa? Una kidonda? Kikohozi?"

"Sina."

"Kipimo cha moyo nacho kinaonyesha upande mmoja umekuwa mnene. Umesukuma mzigo muda mrefu." Alisogeza kigoda karibu. "Nikwambie ukweli kwa kuwa wewe ni mwalimu. Wengi wa kwenye viti hivi, figo sizo zinazowaondoa duniani. Figo tuna mashine yake. Mtu akikonda, na mwili ukawa unawaka ndani hivi, mishipa inaharibika, na moyo ndio unaoondoka naye. Nataka hiyo albumini ipande. Unakula?"

"Nakula vizuri. Mlo wangu nafuata masharti yote, kwa wakati wake."

"Na uzito haujabadilika," daktari alisema, akitazama faili. Alionekana kama mtu anayefanya hesabu ambayo jibu lake halikubaliani na la nyuma ya kitabu.

Mzee wa Usagara hakutania siku hiyo. Aliangalia dari.

Mimi nilibaki na lile neno, kukonda. Mtu amekondaje na uzito haujabadilika? Nililifikiria njiani, nikalifikiria usiku kucha. Asubuhi ya safari iliyofuata shangazi akaniomba nimfungie saa yake ya mkononi, kwa kuwa mkono wa mirija ulikuwa unamuuma. Mkanda ulikuwa na matundu matatu ya kiwandani na mengine mawili yaliyotobolewa kwa msumari wa moto. Nilifunga kwenye la mwisho. Alipoinua mkono kuchukua kanga, saa ikateleza mpaka karibu na kiwiko.

Pale nikakumbuka dagaa.

Niliwahi kupima dagaa kule visiwani, msimu mmoja na nusu. Wapo wauzaji ambao alfajiri, kabla mnunuzi hajafika, wanapitisha ndoo ya maji ya ziwa juu ya magunia. Dagaa mkavu ananyonya maji kama sponji. Gunia linasoma kilo zilezile za jana, ingawa mtu ameshachota ndani yake ndoo mbili nzima. Mzani hauna macho. Unahesabu maji na dagaa kitu kimoja. Niliwahi kulipeleka gunia la namna hiyo kwa tajiri wangu, akanifundisha kwa matusi mengi jinsi ya kupima kweli: unazamisha mkono mpaka kiwiko, unafinya.

Nilimngoja sista kwenye korido.

"Sista, samahani. Je, mtu anaweza kupungua nyama, na maji yakaingia pale nyama ilipokuwa, mzani ukasoma vilevile?"

Akaniangalia. "Nani amekufundisha hilo?"

"Dagaa."

Nilimweleza. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha kicheko kikamtoka usoni chote mara moja.

"Ndicho ninachokiogopa tangu majibu yatoke," alisema. "Mwili unapungua, sisi tunamwacha na uzito uleule, kumbe kila wiki tunamwachia maji zaidi. Hayo maji moyo ndio unayabeba. Lakini kila nikimwuliza mwalimu anakula nini ananijibu kama anasoma kitabu. Wewe unaishi naye. Anakula nini hasa?"

Nikamwambia. Ndizi, kabichi, wali, uji, kabichi.

"Samaki?"

"Amekatazwa. Imeandikwa ukutani."

"Imeandikwa na nani?"

Siku iliyofuata nilipiga picha ile karatasi ya manila kwa simu. Nilijisikia kama mwizi wa mtihani.

Kwenye mashine, shangazi akiwa amefungwa mirija na hawezi kwenda popote, sista alikuja na simu yangu mkononi.

"Mwalimu, hii ni ya kwako?"

Shangazi alivaa miwani. Kwanza aliitazama picha, kisha akanitazama mimi. Nimetazamwa vibaya na mapolisi na mabaharia, lakini sijawahi kutazamwa vile.

"Ni yangu. Niliandika mwenyewe, nilivyoagizwa kliniki."

"Lini?"

"Kabla sijaanza mashine. Figo zilipoanza kuchoka."

"Ni sahihi kabisa," sista alisema taratibu. "Kwa wakati ule. Figo zikiwa zinachoka, tunazipunguzia kazi, tunapunguza nyama na samaki. Ukishaanza mashine, inageuka. Mashine inachukua uchafu, lakini kila safari inaondoka na protini yako kidogo. Sasa unatakiwa ule samaki na mayai kuliko hata huyu kijana. Ulifundishwa siku ulipoanza, mwalimu. Nilikufundisha mimi."

"Siku ile nilikuwa na homa," shangazi alisema. "Nilisikia sauti tu."

"Kwa hiyo mwaka mzima..."

"Mwaka mzima nimefuata masharti!" Sauti yake ilipanda mpaka mashine ya jirani ikaonekana kama imeshtuka. "Mimi si mtu wa kuvunja masharti!"

Halafu kutoka kiti cha pili ikatoka sauti ya mzee wa Usagara, ya upole kabisa.

"Nshomile. Umesoma mpaka umejinyima samaki."

Chumba kizima kikacheka. Shangazi alijitahidi kukaza uso, akaweza kwa muda wa kupumua mara mbili, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka kengele ya mashine ikalia na sista akamwamuru aache kutikisa mkono.

Nilidhani basi, kazi imeisha. Nilikwenda sokoni nikanunua sato mbichi, nikampika kwa nyanya na kitunguu, bila chumvi, na ndimu kumfanya asahau chumvi. Mchuzi kidogo tu, kwa kuwa mchuzi nao unahesabiwa maji. Shangazi alikaa mezani kama mtu aliyetoka gerezani. Akala vijiko vitatu. Kisha akasukuma sahani.

"Nitamalizia baadaye."

Hakumalizia. Kesho yake nilichemsha mayai, akala nusu ya moja. Nikajaribu maini, akayatazama tu. Siku tatu, nne. Nilianza kukasirika. Nilikuwa nimeshajiona bingwa, na bingwa hapendi chakula chake kirudi jikoni.

"Shangazi, sista amesema ule."

"Sina hamu. Mdomo mchungu. Unataka niingize kwa fimbo?"

Ni kwa sababu ya udaku wangu tu ndipo nilipoona. Nilikuwa nimekaa mkabala naye nikimwangalia anavyotafuna, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kuangalia, nikaona kwamba hatafuni. Alikuwa anasukuma chakula upande wa kushoto, anakibana kwa ulimi, anakimeza kizima. Kila kikipita kulia, jicho la kulia lilifumba kidogo.

"Shangazi, fungua mdomo."

"Nini?"

"Fungua mdomo nione."

"Kijana, mimi ndiye niliyekuogesha!"

"Basi leo zamu yangu. Fungua."

Alikataa mpaka chai ikapoa. Mwisho akafungua, kwa hasira, kama anayetaka kuning'ata. Nyuma kabisa kulia kulikuwa na magego mawili yaliyooza mpaka kwenye fizi, na fizi yenyewe imevimba, nyekundu kama nyanya, na ukiibonyeza kidogo ilitoa usaha. Alikuwa nayo tangu masika. Alikuwa anasukutua kwa maji ya chumvi na kutema kwa makini asimeze hata tone.

"Kwa nini hukusema? Daktari alikuuliza una kidonda."

"Aliuliza kidonda. Hakuuliza jino." Akafunga mdomo. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Kwenye mashine wananiwekea dawa ya damu isigande. Jino likitolewa, damu itasimama na nini? Nilimwona mtu mmoja kijijini alitoka damu ya jino siku mbili. Nikasema, la moyo ni la baadaye, la damu ni la leo."

Mwanamke aliyekuwa akiogopewa na shule nzima alikuwa ameogopa koleo la jino miezi sita, akaona ni heri asile.

Safari hii sikumsemea pembeni. Nilimwambia nitasema, naye hakunizuia. Sista alipochungulia mle mdomoni kwa tochi ya simu, alimwita daktari, na daktari naye akachungulia, akainuka akiwa anatabasamu kama aliyeokota kitu alichokipoteza.

"Ndiyo hii vita tuliyokuwa tunaitafuta," alisema. "Mwalimu, hilo jino dogo linapigana na mwili wako mzima. Mwili ukiwa vitani unazima hamu ya kula, unakula nyama yake wenyewe, na mishipa ya moyo inaungua polepole. Hata ukimeza ng'ombe mzima wa mzee, vita ikiendelea hutanenepa."

"Ng'ombe wangu wasiingizwe," mzee alisema.

"Na damu?" shangazi aliuliza.

"Tunang'oa siku ambayo si ya mashine, dawa ya kuzuia damu isigande ikiwa imeshaisha mwilini. Na safari inayofuata tunakuendesha bila hiyo dawa. Ni kazi ya kila siku kwetu."

Alienda. Nilikwenda naye mpaka mlangoni kwa daktari wa meno, na pale mlangoni alinikabidhi saa, miwani na rozari, kana kwamba anavuka mpaka wa nchi. Baada ya dakika ishirini alitoka na pamba mdomoni, hawezi kusema. Alinyoosha vidole viwili, mawili yametoka, kisha akanyoosha kimoja kuelekea kwangu na kukitikisa. Nilielewa: usithubutu kumsimulia mtu kwamba nimelia.

Damu ilisimama kabla hatujafika Mabatini.

Alimeza dawa za kuua vijidudu kama wiki moja. Siku ya nane au ya tisa, nikiwa nafua uani, nilisikia harufu ya samaki. Nilipoingia nikamkuta amesimama jikoni anakaanga sato mwenyewe, anakula mkia wake juu ya jiko kabla haujaiva sawasawa.

Tangu hapo ikawa shughuli. Alikula mayai asubuhi, ute zaidi kuliko kiini, kama sista alivyoelekeza. Alikula sangara mchana. Aliniagiza sokoni na kunirudisha sokoni kama samaki ana jicho jekundu. Kule kwenye mashine walianza mashindano naye mzee: nani atamaliza yai lake kwanza. Mzee alidai mayai ya Mabatini ni madogo, kwa hiyo ushindi wa mwalimu si halali.

Msimu wa senene ulipofika, ndugu wa Muleba walituletea ndoo nzima. Kwa mtu asiyetufahamu, hao ni panzi wa kijani, na kwetu ni chakula cha heshima. Shangazi aliwachambua mwenyewe, akawakaanga bila chumvi, akaenda nao hospitali kwenye kikopo.

"Sista, hawa wanaruhusiwa?"

Sista alifikiri. "Kiganja kimoja. Si ndoo."

"Panzi!" mzee alipaza. "Ndiyo elimu yenyewe hii? Mtu ana shahada anakula panzi!"

"Onja kabla hujaongea."

Alionja mmoja kwa kumshika mguu. Akaonja wa pili. Akanyoosha mkono tena, shangazi akafunga kikopo.

"Kiganja kimoja," alimwambia. "Umesikia sista."

Mzanini, mambo yalikwenda kinyume na tulivyotegemea. Kwanza sista alishusha ule uzito aliopangiwa, kidogo kidogo, ili kutoa maji yaliyokuwa yamejificha. Shangazi alitoka siku moja akiwa na arobaini na tisa na akakasirika kama mtu aliyeshushwa darasa. Misuli ya miguu ilimkaza, akaisugua akilalamika. Lakini usiku alianza kulala mto mmoja badala ya mitatu, na ngazi za kupanda kwetu, zile za mawe kati ya nyumba, akawa anasimama mara moja tu badala ya mara nne, na hiyo mara moja ni kwa ajili ya kumsema mtu aliyetupa takataka. Kisha, baada ya wiki nyingi, sista akaanza kuupandisha uzito tena. Nusu kilo. Baadaye nusu nyingine.

"Hii ni nyama," sista alimwambia, akimfinya mkono juu ya kiwiko kama mnunuzi wa dagaa. Aliniangalia, tukacheka wawili, na shangazi akadai aelezwe, nasi hatukumweleza.

Majibu yalirudi siku ya jua kali. Daktari hakutafuta kigoda. Alisimama na kusoma: albumini imepanda, safari ya pili mfululizo. Kile kipimo cha vita kimeshuka sana. Moyo, alisema, bado ni mnene, na moyo haurudi nyuma kwa miezi michache, tutaendelea kuulinda. Lakini mzigo umepungua.

"Kwa hiyo nimefaulu?" shangazi aliuliza.

"Umefaulu. Endelea kula."

Mzee aliomba aelezwe kama na yeye amefaulu. Daktari akamwambia yeye arudie darasa la maziwa.

Mashine ilipokwisha shangazi hakutaka kurudi nyumbani. Alisema anataka kula samaki mahali palipo na upepo. Tulikwenda Mwaloni, Kirumba, tukakaa kwenye benchi la mama mmoja anayechoma samaki kando ya maji, na shangazi akaagiza sato wawili, wabichi, bila chumvi kabisa.

"Bila chumvi?" mama alishangaa. "Bibi, samaki wangu watasema nini?"

"Watasema wamekutana na mwalimu. Choma."

Samaki walikuja juu ya sinia moja, na kipande cha ndimu. Nilikwenda kunawa kwenye ndoo pale nyuma. Nilikawia kidogo, kwa kuwa kulikuwa na kijana anafumua injini ya boti nikataka kuona pistoni. Niliporudi, samaki wa kwanza alikuwa amebaki mfupa, safi kama kitana, na shangazi alikuwa amemgeuza wa pili upande, ameshaanza shavu.

"Shangazi, huyo ni wangu."

Hakuinua macho.

"Mgonjwa hapa ni nani?" alisema, akiwa amejaza mdomo pande zote mbili.